Sokoke: Paka wa Nyumbani Mwenye Sura ya Msituni

Paka wa Sokoke, aliyepewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, huonekana kama mnyama wa porini kwa sababu ya mabaka yake ya kahawia yanayofanana na gome la mti, ingawa kwa nasaba ni paka wa nyumbani asiye na mchanganyiko. Wagiriama wa eneo hilo walikuwa wakimwita kadzonzo kabla mwanamke aitwaye Jeni Slater hajaanza kumfuga huko Watamu mwaka 1978. Paka huyo alifikishwa Denmark mwaka 1984, na shirikisho la FIFe, linalosajili paka wa nasaba, likamtambua mwaka 1993.

Siri ya sura hiyo imo katika unywele mmojammoja, kwani kila unywele una mikanda ya rangi nyeusi na hafifu inayopokezana, na mikanda hiyo inapojitokeza hata ndani ya mabaka meusi, baka huonekana kana kwamba limefifia katikati. Huo ni urithi wa rangi tu. Hali ni tofauti kwa Savannah, chotara wa mondo, paka wa porini, na paka wa nyumbani aliyezaliwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1986, ambaye madume wa vizazi vyake vya mwanzo huwa tasa na ambaye baadhi ya nchi huzuia ufugaji wake, mambo ambayo muuzaji hana haraka ya kuyataja.

Anayechagua Sokoke hana budi kudai hati ya nasaba inayoonyesha wazazi, mababu na mabibi, kwa kuwa ukoo huu ulianzishwa na paka wachache mno, na ndugu wanapopandishwa mara kwa mara, kasoro za kurithi zilizojificha hujitokeza kwa watoto.

Matunzo yake si mazito. Manyoya yake mafupi, yasiyo na sufu nzito ya ndani, huchanwa mara moja kwa wiki, lakini hayamkingi vyema na baridi, hivyo afugwaye Ulaya hukaa ndani wakati wa kipupwe. Kwa kuwa hupenda kupanda, huwekewa rafu za juu na gogo la kunolea kucha. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini asipakwe kamwe, kwani ini la paka hushindwa kuivunjavunja sumu hiyo, naye hutetemeka, hupatwa na degedege na huweza kufa.