Modemu Haijafa, Imekosa Dereva



Kompyuta ya tawi letu la Kabingo inatumia Linux. Modemu yake ya USB ilipokataa kupiga simu ya intaneti, madai ya mishahara yalikwama, hayakufika Mbarara. Fundi mmoja akasema tununue nyingine. Tukakataa kugusa michango ya wanachama kabla ya kuujua ugonjwa.

Dereva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa. Lori lisilo na dereva si bovu, ila haliendi.

Kwanza: chomeka modemu, andika lsusb. Jina au namba yake isipoonekana, jaribu tundu jingine.

Pili: andika sudo dmesg. Ikitajwa kuwa ni diski ya CD tu, kosa liko hapo. Modemu nyingi huanza hivyo kwa sababu hubeba ndani yake programu za Windows. Programu iitwayo usb_modeswitch huigeuza iwe modemu, na mara nyingi dereva aitwaye option ndiye huipokea.

Tatu: tazama kama ttyUSB0 imetokea. Ikitokea, dereva yuko kazini. Hakikisha mtumiaji ameandikishwa katika kundi la dialout, kisha piga *99#.

Yetu ilikosa usb_modeswitch tu. Programu hiyo ni ya bure; tuliileta kwa flashi kutoka Mbarara, na madai yakaenda siku ile ile.

Ndugu, chunguzeni kwanza, ndipo mlipe. Fedha ya chama ni jasho la wanachama.