Mshahara Ni Mwanzo Tu

Una hoteli ndogo na wafanyakazi watatu, na kila mwezi kuna mmoja anataka kuacha kazi? Hebu tuangalie jambo moja. Mwaka 1959, mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg alieleza kwamba mshahara duni humvunja mtu moyo, lakini mshahara mzuri pekee haumpi ari. Ari huletwa na kutambuliwa na kuaminiwa na jukumu.

Kwa hivyo anza na msingi: tuma mshahara kwa simu tarehe ile ile, usingoje kukumbushwa. Kisha mwachie mmoja hesabu ya jioni, alinganishe mauzo na jumbe za malipo. Hesabu ikiingiana, mshukuru mbele ya wenzake. Asante haikatwi ada!