Bia Inayoivia Pipani

Msomaji asiyegusa kileo, na hao ni wengi katika pwani yetu, hatadhurika kwa kujua ya kuwa Uingereza iko bia ambayo huondoka kiwandani ingali hai, haijachujwa wala haijapashwa moto wa kuua hamira, ikaja kukamilika katika ghala la chini ya baa itakamouzwa. Hata ladha yake ikawa amana ya mtunza ghala sawasawa na ya fundi aliyeipika.

Upishi wenyewe ni wa shayiri iliyomeeshwa, maji, hamira na maua ya hopsi yatiayo uchungu. Bia hutiwa pipani, aghalabu la galoni 9, yaani lita 41 hivi, pamoja na hamira iliyosalia, nayo huendelea kula sukari na kutoa ile hewa ichangamshayo ulimi. Ili itakate, hutiwa dawa ya asili itokanayo na mabondo ya samaki, mfano wa yale ya sangara ambayo katika Ziwa Victoria bei yake hushinda ya mnofu. Dawa hiyo hunasa chembe za hamira ikazama nazo.

Pipa hulazwa ubavu katika baridi ya kadiri ya nyuzi 12, na mtunzaji hupigilia katika kizibo cha juu kijiti cha mti laini, ambacho hewa iliyozidi hupenya na povu likafoka. Hulipangusa, akarudi kutazama, akalipangusa tena, na lisiporejea upesi ndipo hubadili kijiti kigumu kuifungia hewa iliyobaki. Akifanya pupa, bia hutoka na vumbi. Akichelewa, huwa chapwa.

Makampuni makubwa yaliipendelea bia iliyochujwa, isukumwayo kwa gesi, isiyodai matunzo. Wala siwalaumu, maana mfanyabiashara hupenda kisichoharibika. Lakini mwaka 1971 Waingereza wanne, wakiwa safarini Ireland, waliasisi chama cha kuitetea ile ya zamani, kijulikanacho leo kwa jina la CAMRA.

Shida haikwisha. Bia hii huvutwa kwa bomba la mkono, na kila bilauri itokayo huingiza hewa ya nje pipani, basi kwa siku tatu hivi huanza kuchacha. Kwa hiyo mwenye baa mwenye wateja haba hununua kipipa cha galoni 4 na nusu, au huacha kuiuza kabisa.