Utando Mweupe Mdomoni mwa Mtoto

Leo tutazungumza juu ya utando mweupe unaotokea ndani ya mdomo wa mtoto mchanga.

Tuseme mtoto wako ana wiki tatu. Jana alinyonya vizuri. Leo anashika titi, ananyonya kidogo, kisha anaachia na kulia. Ukimtazama mdomoni, unaona weupe. Jirani anakuambia, "Maziwa yako yameharibika, mwachishe." Mwingine anasema umsugue kwa kitambaa na chumvi. Mama, usifanye hata moja kati ya hayo.

Kwanza, hakikisha ni nini. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa laini kilicho safi, kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, umpanguse ulimi polepole mara moja. Weupe ukitoka kwa urahisi, hayo ni mabaki ya maziwa, wala hayana madhara. Lakini ukibaki, na hasa ukiuona pia kwenye mashavu kwa ndani na kwenye ufizi, huenda huo ni ugonjwa wa ukungu. Usiukwangue! Chini yake pana ngozi nyekundu inayouma, na ukiisugua itatoka damu.

Ukungu huu husababishwa na kijidudu ambacho watu wengi tunacho mwilini bila kuumwa. Mtoto anaweza kukipata wakati wa kuzaliwa, au kutoka kwenye chupa na chuchu za mpira zisizochemshwa. Pia huweza kuzidi mtoto au mama anapotumia dawa za kuua bakteria. Basi si laana, si uchafu wa mama, na maziwa yako hayajaharibika.

Mpeleke mtoto kliniki. Mara nyingi atapewa dawa ya matone iitwayo nistatini. Mpe baada ya kunyonya, mara nne kwa siku, kwa kiasi ulichoelekezwa, ukidondosha kila upande wa mdomo. Usiache siku ya pili kwa sababu weupe umepungua. Maliza siku zote ulizoambiwa, la sivyo ukungu utarudi.

Na wewe mama, je, chuchu zako zinawasha au zinachoma kama moto unaponyonyesha? Mwambie mhudumu. Mama na mtoto hutibiwa pamoja, maana akitibiwa mmoja tu, wataambukizana tena. Endelea kunyonyesha. Maumivu yakizidi, kamua maziwa umpe kwa kikombe safi. Ikiwa anatumia chupa, ichemshe pamoja na chuchu yake kila siku.

Usimpake asali. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo, kwani inaweza kumletea sumu hatari. Ile dawa ya rangi ya zambarau nayo usimpake bila kuagizwa. Ikiwa kali huchubua mdomo.

Rudi kliniki haraka mtoto akishindwa kunyonya, akiwa na joto jingi, akikojoa kidogo kuliko kawaida, au akilegea. Rudi pia ikiwa siku saba zimepita bila nafuu. Utando unaorudi mara kwa mara unaweza kuonyesha kwamba kinga ya mwili ni dhaifu, na mhudumu anaweza kushauri mtoto apimwe virusi vya ukimwi. Usikimbie kipimo hicho. Mtoto anayegunduliwa mapema huanza dawa mapema, akakua kama wenzake.

Kwa hiyo, mama, kumbuka: panguza mara moja kwa upole, usikwangue, usimwachishe, na mtibiwe nyote wawili.