Kompyuta mpakato: Matunzo ni sehemu ya mtaji

MFANYABIASHARA anayenunua kompyuta mpakato huhesabu bei ya dukani, lakini mara nyingi husahau kwamba chombo hicho hushuka thamani haraka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kompyuta katika daraja la uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka, unaokokotolewa kwa thamani iliyobaki. Kompyuta ya sh. 1,000,000 hubaki vitabuni na takriban sh. 244,000 baada ya miaka mitatu. Ikiendelea kufanya kazi mwaka wa tano, hiyo ni faida kwa mwenye duka, na faida hiyo huletwa na matunzo.

Kitu kinachochoka mapema ni betri. Betri za lithiamu huharibiwa zaidi na joto, hasa zikikaa zimejaa chaji. Usiiache kompyuta ndani ya gari juani, wala usiifanyie kazi juu ya godoro au kitambaa kinachoziba matundu ya hewa. Kama inashinda kwenye umeme, ipangie ukomo wa chaji wa asilimia 80, endapo ina mpangilio huo. Betri ikivimba, zima mashine na umpelekee fundi. Usiitoboe.

Vumbi nalo huziba feni, mashine ikapata joto na kupunguza kasi. Izime, chomoa waya, kisha safisha matundu kwa brashi laini. Kwa kuwa umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja na nguvu kupita kiasi, tumia kifaa cha kuzuia hitilafu hiyo, au chomoa chaja mara umeme unapokatika.

Kwa anayenunua kompyuta iliyotumika, kipimo kipo. Kwenye mashine ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike: powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilikuwa 48,000 na sasa ni 24,000, umebakiwa na nusu ya betri. Ulizia bei ya betri mpya, kisha ipunguze katika bei unayotajiwa.

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko zote haimo katika mashine yenyewe. Kompyuta ikiibwa au ikimwagikiwa chai, nyingine itanunuliwa. Orodha ya wadeni na hesabu za mauzo hazinunuliki popote. Kila mwisho wa juma weka nakala mbili: moja kwenye diski ya nje isiyolala dukani, nyingine kwenye hifadhi ya intaneti. Kisha fungua faili moja uhakikishe kwamba linasomeka, maana nakala isiyofunguka haina tofauti na kutokuwa na nakala.