Mtoto anapotaka kumshika chatu wa Bayeye

Tabora. Ngoma ya Bayeye ikianza, watoto ndio wa kwanza kusogea mbele. Chatu anatolewa, anazungushwa shingoni mwa mchezaji, na mara nyingi anatulia tu. Mtoto wa miaka sita akiona hivyo anaamini kwamba nyoka ni rafiki. Hapo mzazi ana maelezo ya kutoa kabla hawajarudi nyumbani.

Bayeye ni chama cha wacheza na nyoka, kinachojulikana tangu zamani kwa Wanyamwezi na Wasukuma, katika nchi hii ambayo misafara ya wapagazi ilipita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwaka 1935 Wamarekani wawili, Carnochan na Adamson, walichapisha hata kitabu kizima juu ya chama hicho. Wanachama hufundishwa kwanza, na huchanjwa dawa zao wenyewe. Mtoto anayetazama ngoma hayaoni hayo. Anachoona ni mtu amembeba nyoka.

Ukweli ni kwamba nyoka hampendi mtu kama mbwa anavyompenda. Anachoweza kujifunza ni kwamba mkono huu haumli. Chatu mchanga huogopa karibu kila kitu, kwa hiyo huuma haraka kuliko mkubwa aliyezoea. Wafugaji wazoefu humwacha wiki nzima ya kwanza bila kumgusa. Kisha humshika dakika chache tu, mara mbili tatu kwa wiki. Mkono huingia kwa ubavuni, kwa sababu kinachotoka juu kwake ni mwewe. Mwili hubebwa wote, kichwa hakibanwi. Akishakula huachwa siku mbili, la sivyo hutapika. Akikaribia kujivua gamba, macho yakaingia ukungu, haoni vizuri na hushtuka, hivyo haguswi.

Na mazoea hayo yanamhusu nyoka yule mmoja. Ndugu yake aliye porini hajui lolote.

Anayetamani kumfuga nyumbani ajue kwamba chatu ni mnyamapori, na sheria inataka kibali. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalifikirii: nyoka mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaoleta homa na kuhara. Wataalamu wanashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na nyoka kabisa. Mtoto mkubwa akimgusa kwenye ngoma, anawe kwa sabuni kabla ya kushika muhogo au ndizi.

Hatari kubwa zaidi inakuja baadaye, kwenye rundo la kuni au shamba la tumbaku. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, ni mnene na ana mabaka. Kwa mtoto anafanana sana na chatu mchanga. Naye ana sumu tangu siku anayozaliwa. Mwambie mtoto waziwazi: chatu wa ngoma anaguswa mwenyewe akiruhusu, nyoka mwingine yeyote unarudi nyuma na kumwita mtu mzima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Mtoto akiumwa, sumu ileile huingia kwenye mwili mdogo, kwa hiyo muda ni mali. Mlaze, mvue bangili na viatu, fungia ubao kwenye mguu au mkono kama uliovunjika, kisha mbebeni, asitembee. Msichanje kwa wembe, msinyonye, msikaze kamba, wala msipoteze saa nzima na jiwe la nyoka. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi kwanza.

Piga simu mkiwa njiani kuuliza kama dawa ya sumu ipo, maana si kila zahanati inayo. Msihangaike kumwinda nyoka ili mwende naye. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na isipokuwepo daktari atafuata dalili.