Kueleza Maana za Maneno ya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Singida

Mwanafunzi amalizaye darasa la saba katika shule ya serikali mkoani Singida amefunzwa masomo yake kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza hukuta jiografia na sayansi zikifundishwa kwa Kiingereza. Mlangoni hapo, chombo chake kikubwa ni daftari la msamiati: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, na katikati alama ya usawa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba alama hiyo, pamoja na wepesi wake wote, ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ya sarufi au ya uzembe. Kisha kupendekeza namna ya kueleza maana itakayomfaa zaidi mwanafunzi wa mkoa huu.

Yafaa kwanza tutazame hali ya lugha mkoani. Wanyaturu, waitwao pia Warimi, husema lugha ya Kibantu, na ndivyo walivyo Wanyiramba na Waisanzu. Upande wa Manyoni wako Wagogo na Wakimbu, ambao lugha zao pia ni za Kibantu. Wabarbaig husema lugha ya jamii ya Kinailo. Wahadzabe waishio karibu na Ziwa Eyasi wana lugha yenye sauti za vidoko, ambayo wataalamu hawajaithibitishia udugu na lugha nyingine yoyote. Kwa mtoto wa mjini yamkini Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza. Lakini kwa watoto wengi wa vijijini Kiswahili ni lugha ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Basi tunapomweleza mtoto huyo neno la Kiingereza kwa Kiswahili, twapima kwa kipimo ambacho nacho amejifunza kwa juhudi. Akiambiwa kwamba "brown" ni hudhurungi, huenda amepewa fumbo la pili mahali pa jibu. Akiambiwa kwamba ni rangi ya gome la mti, amepata kitu anachokijua.

Jambo la pili la kukumbuka ni asili ya kamusi zetu. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, ilitegemea sana Kiswahili cha Mombasa. A. C. Madan, wa misheni iliyokuwa na makao Unguja, alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilizijenga kamusi sanifu za mwaka 1939, zilizosimamiwa na Frederick Johnson, juu ya msingi wa Madan. Kazi hizo zastahili heshima kubwa. Hata hivyo hapana budi kukiri mambo mawili. Kwanza, zilizaliwa pwani, na humo mna tanga, mawimbi na minazi kuliko mtama, uwele, alizeti na mizinga ya nyuki. Pili, za mwanzo zilitungwa hasa kwa ajili ya mgeni aliyetaka kujua Kiswahili. Mwingereza afunguaye kamusi penye neno "lend" hahitaji kuelezwa maana yake. Ahitaji kisawe tu. Mwanafunzi wa Kinyaturu ahitaji kinyume chake: kisawe anacho, asichokijua ni mipaka ya neno la Kiingereza. Daftari lenye alama ya usawa limerithi umbo la kamusi iliyofanywa kwa haja ya mtu mwingine.

Sasa tuitazame mipaka yenyewe. Aina ya kwanza ni pale Kiswahili kinapokuwa na neno moja na Kiingereza mawili. Mtu aombaye kalamu husema "Niazime kalamu yako", na akiisha kuipata aweza kusema "Nimeazima kalamu". Kitenzi ni kimoja, ila Kiingereza humtenga atoaye, "lend", na apokeaye, "borrow". Ndiyo sababu ya sentensi isikikayo kila siku madarasani, "Borrow me your pen". Wala kosa hili si la watu wetu peke yao. Katika Kichina kitenzi "jiè" hutumika pande zote mbili, na wanafunzi wa China hukosea papo hapo. Vivyo hivyo "yeye" wetu hatofautishi mume na mke, na Kichina kitamkwacho hutumia "tā" kwa wote, ijapokuwa katika maandishi ya siku hizi alama zimetengwa. Kwa hiyo "he" na "she" huwachanganya Mchina na Mtanzania sawasawa. Tuongeze kidole, kilicho "finger" mkononi na "toe" mguuni. Mkono, ulio "hand" na "arm". Na mguu, ulio "foot" na "leg".

Aina ya pili ni kinyume chake: Kiingereza kina neno moja na sisi tuna mengi. "Rice" ni mpunga ukiwa shambani, mchele ukiisha kukobolewa, na wali ukiisha kupikwa. Wachina nao hutenga "dào", "mǐ" na "fàn". "Uncle" ni mjomba, na pia ni baba mkubwa na baba mdogo. Wachina humtenga ndugu wa mama na ndugu wa baba, na huyu wa baba humtenga kwa ukubwa na udogo, kama sisi. Hapa lugha mbili zisizo na udugu wowote zasimama upande mmoja, na Kiingereza upande wa pili. Kwa hiyo mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba lugha yake ni maskini au kwamba Kiingereza ni kigumu kwa asili. Kila lugha huligawa shamba moja kwa matuta yake yenyewe.

Tofauti ya aina hizi mbili ina faida katika kufundisha. Aina ya kwanza humkwaza mwanafunzi aandikapo, kwa sababu hana budi kuchagua mahali ambapo lugha yake haikumzoeza kuchagua. Aina ya pili humkwaza zaidi asomapo na afasiripo, kwa sababu ni lazima atafute maana katika maneno ya jirani: "rice" inayopandwa, inayouzwa au inayoliwa. Mazoezi ya aina moja, basi, hayatibu aina nyingine.

Aina ya tatu yaonekana vizuri katika mifugo. Neno "ng'ombe" hutaja jamii nzima, na daftari husema "cow". Lakini "cow" kwa maana yake halisi ni jike. Fahali ni "bull", maksai ni "ox", mtamba ni "heifer", ndama ni "calf", na jamii nzima ni "cattle". Mtoto wa Singida aandikaye kwamba babake hulima kwa "two cows" amemchorea msomaji majike mawili yakivuta plau, na hali yeye alikusudia maksai. Mtoto huyo hana upungufu wa elimu ya mifugo, na pengine amshinda mwalimu wake. Aliyempunguzia ni daftari. Kadhalika kuku, ambao mkoa huu una sifa nao: mtetea ni "hen", jogoo ni "cock", kifaranga ni "chick", na "chicken" huwa ndege na huwa nyama.

Aina ya nne ni ya desturi. Twafundisha kwamba "pole" ni "sorry". Mgeni akijikwaa, mtoto mwenye adabu humwambia "Sorry", na mgeni hushangaa, maana huenda akadhani mtoto akiri kosa asilolifanya. Kiswahili hutenga "pole", ya kumhurumia aliyepatwa, na "samahani" au "niwie radhi", ya aliyekosa. Kiingereza huyabeba yote mawili kwa neno moja, lakini huruma isiyo na kosa huhitaji maneno zaidi, kama "I am sorry you fell". Kosa la namna hii halisahihishwi kwa kanuni ya sarufi. Lahitaji maelezo ya nani husema nini, na wakati gani.

Mpaka hapa yaweza kudhaniwa kwamba hasara yenyewe ni kuchekwa tu. Sivyo. Tuje kwenye karatasi ya mtihani. Mwanafunzi aliyeandika kwamba "state" ni dola, akisoma "State two reasons", hutafuta nchi mahali palipotakiwa sababu mbili. Aliyeandika kwamba "describe" ni eleza na "explain" ni eleza hana njia ya kujua kwamba ameulizwa maswali mawili. Akiambiwa "Describe Lake Singidani", yampasa aseme ziwa likoje: lilipo, umbo lake na maji yake. Akiambiwa "Explain why its water is salty", yampasa aseme sababu: maji huingia ziwani, hayana mto wa kuyatoa, jua huyafanya mvuke, na chumvi hubaki. Ajibuye swali la pili kwa jibu la kwanza hupoteza alama, ingawa ziwa alijua tangu utotoni.

Katika fizikia hatari ni kubwa zaidi. "Force", "power", "strength" na hata "energy" zote huweza kuandikwa "nguvu". Istilahi zetu zimekwisha kutenga "kani" kwa "force" na "nishati" kwa "energy", lakini istilahi peke yake haitoshi, yataka mfano. Watu 2 wakipandisha kila mmoja ndoo 10 za maji, zilizo sawa, kutoka kisima kimoja, wa kwanza kwa dakika 10 na wa pili kwa dakika 20, nishati iliyoyainua maji ni sawa kwa wote, lakini "power" ya wa kwanza ni mara 2 ya mwenzake, kwa kuwa "power" ni kasi ya kufanya kazi. "Solution" nayo ni jibu katika hesabu, na katika kemia ni mmumunyo, kama chumvi iliyoyeyuka majini.

Je, wengine wamefanyaje? Michael West, aliyefundisha Bengal, alitoa pamoja na J. G. Endicott mwaka 1935 kamusi iliyoeleza maneno na misemo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu, ili maelezo yasiwe magumu kuliko neno lielezwalo. A. S. Hornby na wenzake waliofundisha Japani walitunga kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa na Oxford mwaka 1948. Hiyo ilionyesha pia jinsi neno linavyoungana na mengine katika sentensi. Baadaye wasomaji wa Kichina walipata toleo lenye fasili ya Kiingereza, na kando yake kisawe cha Kichina. Huu ni mpango wa busara: fasili huonyesha mipaka, kisawe humtuliza msomaji.

Mwalimu asiye na kamusi ya namna hiyo aweza kuanza na daftari lile lile. Alama ya usawa ifutwe, na kila neno lipewe mambo manne: maelezo mafupi kwa maneno mepesi, kisawe kimoja au zaidi, mpaka, yaani neno la jirani lisilochanganywa nalo, na sentensi yenye kitu cha hapa Singida. Kwa mfano:

"Lend": kumpa mtu kitu akitumie kisha akirudishe. Azima, kopesha. Si "borrow", ambalo ni la apokeaye. "My uncle will lend us his plough."

"Ox": dume la ng'ombe lililohasiwa, la kuvuta plau au mkokoteni. Maksai. Si "cow" wala "bull". Wakiwa wengi ni "oxen". "Two oxen pulled the cart to the market."

Maneno matano kwa siku yakielezwa hivi yana faida kuliko ishirini yaliyonakiliwa ubaoni. Tena mwalimu asione haya kuuliza darasa: "Kwenu kitu hiki chaitwaje, na je, hicho na kile mwaviita jina moja?" Majibu ya Kinyaturu, Kinyiramba na Kibarbaig yatamwonyesha papo hapo mahali ambapo mipaka itapishana, na yeye ataweza kuweka maelezo yake pale pale panapotakiwa.